Hidaya na mikungu themanini

Jumanne, 30 Aprili 2024. Kidia

Tumeondoka Kiborloni saa kumi na moja alfajiri, kenta haina kitu, na hivyo hivyo tupu imeteleza mara mbili kabla hatujafika nusu ya mlima. Udongo mwekundu wa Old Moshi ukishashiba maji haubishani na mtu. Tairi linazunguka, gari liko palepale. Utingo akashuka na magunia mawili ya katani, akayatandika mbele ya matairi, tukasogea hatua tano, akayaokota yanachuruzika tope, akayatandika tena. Kilomita mbili za mwisho zimekula saa nzima, na dereva wetu, ambaye kwa kawaida haishiwi maneno, alikuwa anaongea na usukani peke yake.

Mvua hii haikuanza jana. El Niño ilituingilia tangu vuli ya mwaka jana. Desemba tope lilishuka kutoka Mlima Hanang likaifunika Katesh, watu zaidi ya 80 wakafa. Wiki iliyopita Waziri Mkuu Kassim Majaliwa ameliambia Bunge kwamba mvua na mafuriko yameshaua watu 155 nchini. Leo tena redio ya gari ilikuwa na habari za Mai Mahiu, huko Kenya: maji yaliyoshuka usiku wa kuamkia jana yakabeba nyumba na watu wake wamelala ndani. Dereva akapunguza sauti. Tukapanda kimya mpaka kwa meku, mzee mwenye migomba.

Kwa meku nachukua ndizi tangu 2017 na hajawahi kuniuzia mkungu mchanga. Anausogelea mgomba, anaitazama ndizi kwa chini, anapitisha kidole gumba kwenye kona zake. Kona zikiwa kali kama za kiberiti, anaiacha, hata umbembeleze. Zikiwa zimejaa na kuviringika, anaukata mgomba nusu tu, unainama taratibu, na mwanawe anaupokea mkungu begani kabla haujagusa chini. Halafu anatazama utomvu unaotoka kwenye mkono wa mkungu. Ukidondoka mweupe na mzito, anaridhika. Ukiwa majimaji, anaguna. Leo ameguna karibu kila mkungu.

"Mama, ndizi zimekunywa sana mwaka huu. Hizi zitakuivia njiani."

Mzigo wangu wa kawaida ni mikungu 140: mia moja ya kuuza Mabibo, Dar es Salaam, na arobaini ya mteja wangu wa Kilwa Masoko. Ana mgahawa, anapika ndizi za nazi, na kijana wake huipokea mikungu Mabibo na kuipakia kwenye lori la kusini. Ni mshale na mzuzu tu, hataki ndizi za aina nyingine. Leo tumepata mikungu 62. Meku anasema mingine ataishusha kesho kwa bodaboda, barabara ikikubali.

Jumatano, 1 Mei. Kiborloni

Mei Mosi. Kitaifa inafanyika Arusha mwaka huu, kwa hiyo nusu ya watumishi ninaowafahamu wamepanda mabasi na fulana zao mpya, na sisi ambao mwajiri wetu ni tumbo tumebaki gulioni. Bodaboda wameshusha mikungu 40. Mmoja ameanguka na mitatu, mguu umechubuka, ndizi zimepondeka. Nimemlipa safari yote. Mikungu iliyopondeka nimeiweka pembeni.

Jioni, dukani kwa mangi anayeuza saruji, ndipo nilipoisikia mara ya kwanza. Mamlaka ya Hali ya Hewa imetoa taarifa kwamba kuna mgandamizo mdogo wa hewa katika Bahari ya Hindi, mashariki mwa Mtwara, na kwamba unaweza kukua ukawa kimbunga.

"Bahari iko mbali," akasema mangi. "Sisi tuna mlima."

Watu wakacheka. Mimi nilijikuta natafuta pa kukaa.

Maana nina historia na vimbunga. Aprili 2021 walitangaza Jobo. Kimbunga kinakuja Dar es Salaam, wakasema, chukueni tahadhari. Nikachukua. Nilikuwa na mikungu 110 imeshakatwa, imepangwa hapahapa Kiborloni, nikaisimamisha safari siku nne kwa sababu sikutaka gari langu la kukodi likutwe na upepo barabarani. Jobo kikafifia baharini kabla ya kuigusa pwani. Dar wakaamka kama kawaida, wakala ndizi za watu wa Rungwe. Ndizi zangu ziliiva zote pamoja, kama zilizopigiwa kengele. Nyingine niliuza Mbuyuni kwa bei ya aibu, zilizobaki akazichukua mama mmoja wa Kibosho kupikia mbege, pombe yetu ya ndizi, na mpaka leo ananiambia ile mbege ilikuwa tamu sana. Kwenye daftari langu nimeandika: *Jobo, mikungu 110, hasara.* Madeni ya mwaka ule niliyamaliza mwaka uliofuata.

Kwa hiyo mtu akiniambia kimbunga, mimi sioni upepo. Naona ndizi za njano.

Nikampigia mtoto wa kaka yangu, anafundisha jiografia sekondari. Nilitaka anipe neno moja tu, kinakuja au hakiji. Walimu hawana neno moja.

"Shangazi, kimbunga ni kama chungu juu ya jiko. Jiko lake ni bahari yenye joto, nyuzi ishirini na sita na nusu kwenda juu. Mwaka huu bahari ina joto kweli. Lakini joto peke yake halitoshi, lazima kuwe na kitu cha kuusokota ule upepo, na kinachousokota ni mzunguko wa dunia. Ukikaribia ikweta, nguvu hiyo inapungua. Ndiyo maana Madagaska na Msumbiji wanapigwa mara kwa mara na sisi tunaponea."

"Kwa hiyo hakiji."

"Sijasema hivyo. Mwaka 1872 kilipiga Unguja kikang'oa mikarafuu. Mwaka 1952 kikapiga Lindi. Mwaka 2019 Kenneth kilipita jirani kabisa na Mtwara kikaangukia Cabo Delgado. Vinakuja, shangazi, ila kwa nadra."

Nadra. Mimi nina mikungu 102 chini ya kibanda, yeye ananiletea nadra.

Alhamisi, 2 Mei. Moshi, kisha barabarani

Leo kimepata jina: Hidaya.

Kumbe majina ya vimbunga vya upande huu wa bahari hupangwa kabla ya msimu kwa alfabeti, na msimu huu ulianza na Alvaro, ukaja Belal, wakafuatana mpaka Gamane, sasa ni zamu ya herufi H. Lakini jaribu kulieleza hilo gulioni Kiborloni. Hidaya kwetu ni zawadi, tunu, kitu unachopelekewa na mtu anayekupenda. Mama wa nyanya ana binti anaitwa hivyo, amekasirika kweli, anauliza ni nani aliyempa kimbunga jina la mwanawe. Utingo yeye ameshatunga wimbo.

Kilichonishtua ni mwendo wake. Jana ilikuwa mgandamizo mdogo wa hewa, maneno ambayo hata hayatishi, ukiyasikia unafikiri ni mambo ya pampu ya baiskeli. Leo ni kimbunga chenye jina, na mikoa imetajwa: Mtwara, Lindi, Pwani, Dar es Salaam, Tanga, Morogoro, na visiwa vya Unguja na Pemba. Jobo tulikaa tukikisubiri. Hiki hakikutupa hata muda wa kukizoea.

Nikampigia dada wa Kilwa, yule mteja wangu wa mgahawa.

"Shoga yangu, huku bahari imetulia kama maziwa kwenye bakuli," akasema. "Ndiyo inayonitisha. Wavuvi wameambiwa wavute vyombo juu, na wamevuta, na wavuvi wa hapa si watu wa kuambiwa. Mzigo wangu usiulete. Ukiuleta utakufia Mabibo."

"Na kisipokuja?"

"Kisipokuja tutapika wali."

Arobaini ikatoka. Nikabaki na ya Mabibo peke yake, na hapo ndipo tulipobishana, mimi na dereva, karibu saa mbili, tumesimama kwenye matope. Yeye anataka kwenda na yote 102: mizigo mingine itaogopa kushuka, soko litakuwa tupu, bei itapanda. Mawazo ya mtu jasiri, na gari ni lake. Mimi nikamwambia sitaki ujasiri wa mtu anayelipwa nauli hata ndizi zikioza. Akanyamaza, akawasha sigara, halafu akasema, "Dada, hapo umenipata."

Tukakubaliana mikungu 80, ile yenye kona kidogo, ambayo haijajaa sana, ili iwe na siku mbili tatu mkononi. Iliyokomaa zaidi, 22, nikaiuza hapohapo na Mbuyuni kabla ya saa kumi. Bei haikuwa nzuri. Haikuwa ya Jobo pia.

Tunafunga turubai, simu ikaita. Mdogo wangu wa Chekereni. Maji yameingia majarubani tangu asubuhi, mfereji umejaa mpaka mdomoni, mto Rau unasikika kutoka nyumbani kwake. Nikamuuliza kama ni kwa sababu ya kimbunga. Akanijibu kwa hasira, na alikuwa na haki: "Kimbunga gani, dada? Hii ni mvua ya huko kwenu juu. Mmeinywa mkashiba, mnatutemea."

Nikamwambia apandishe magunia ya mpunga kitandani, Jumatatu nitakuja. Tukaondoka saa mbili usiku.

Himo, mzani, tumepita haraka kwa sababu tuna uzito wa mtoto. Mwanga mvua. Same upepo, lakini Same ina upepo wake wa kila siku, haukuhitaji kutumwa na mtu. Hedaru tukasimama dereva anyooshe mgongo, na hapo nikafanya kitu ambacho ningekifanya mapema zaidi: nikaingiza mkono chini ya turubai.

Mtu ambaye hajasafirisha ndizi hajui joto hilo. Tulizifunga zikiwa na maji, majani makavu ya migomba tuliyotandika yamelowa, mvua haijatupa nafasi ya kufunua hata dakika tano. Mkono unaingia kama kwenye sufuria ya uji. Ukifunua, mvuke unatoka unaouona kwa taa ya gari, na harufu, ile harufu tamu kidogo. Ndizi iliyofungiwa inaiva kwa pumzi yake yenyewe, na ikishaanza moja inaziambukiza nyingine. Tukafunua nyuma na mbele, tukafunga kona mbili tu, tukaiacha mvua ipige ya juu. Heri zilowe kuliko zipike.

Ijumaa, 3 Mei. Korogwe hadi Mabibo

Alfajiri Korogwe. Dereva amepunguza mwendo darajani bila kuombwa. Mto Pangani umejaa, maji ya rangi ya chai ya maziwa, yanaviringisha magogo na visiki. Nimekaa kwenye barabara hii miaka mingi na sikuwahi kufikiri kwamba haya ni maji ya kwetu. Mvua iliyoniloweshea ndizi Kidia inaingia Rau, inashuka Kahe, inaingia bwawa la Nyumba ya Mungu, inatoka na kuja hapa chini ya daraja, inakwenda kumwagika baharini pale Pangani mjini. Sisi tunaposhusha mikungu kwa kenta, mlima unashusha maji kwa njia yake, na yote mawili yanaelekea bahari ileile ambayo leo ina Hidaya ndani yake.

Mangi wa saruji angenicheka. Bahari iko mbali.

Michungwani tumekunywa chai. Mzee mmoja muuza machungwa alikuwa na redio mfukoni, ameifunga kwa mpira, anatutangazia bure: boti za kwenda Zanzibar zimesimamishwa, kimbunga kimeongezeka nguvu, kinaelekea pwani. Abiria wa basi moja walishuka kujisaidia wakaanza kubishana kama warudi Moshi. Kondakta akawaambia nauli hairudi. Wote wakapanda.

Mabibo saa saba mchana. Watu wanaliita Mahakama ya Ndizi, na mimi nimehukumiwa pale mara nyingi. Hukumu hutolewa na dalali: anapanda juu ya gari, anachomoa mkungu mmoja wa katikati, kamwe si wa juu, anauning'iniza, anauzungusha, anavunja ndizi moja kwenye shina na kuitazama ndani. Hatazami uso wako. Akiona rangi ya siagi ndani, bei inashuka palepale mbele ya macho yako.

"Mama wa Moshi, umekuja siku mbaya. Wa kusini hawapo. Wa Mafia hawapo. Wa visiwani hawawezi kuvuka. Nimebaki na mama lishe wa Manzese na wewe."

Mawazo ya dereva kwamba soko litakuwa tupu yalikuwa nusu kweli. Magari yalikuwa machache. Wanunuzi ndio walikuwa wachache zaidi, kitu ambacho hatukukiweka kwenye hesabu, sote wawili tulikuwa tunafikiria upande wa ndizi tu. Mikungu 80: 51 imekwenda leo. Nilitegemea shilingi 14,000 kwa mkungu wa mshale, nimepata 10,000, mingine 9,000. Ishirini na tisa nimelala nayo.

Jumamosi, 4 Mei. Mabibo

Siku ya kungoja. Mvua, inasimama, upepo unakuja kwa vishindo unapiga mabati ya soko, mvua tena. Dereva amekataa kuondoka, na safari hii sikubishana naye. Tumekaa ndani ya kenta watu watatu, kioo kimoja hakifungi vizuri, utingo ametoa fulana yake akaiziba. Umeme hakuna. Simu yangu ilikuwa na asilimia 30 nikawa naiwasha kila baada ya saa moja kama mtu anayekunywa dawa.

Sikuuona uso wa kimbunga, niseme ukweli. Nilichokiona mimi ni mvua na upepo wa mji mkubwa: maji meusi yanayopanda kutoka kwenye mitaro na chupa za plastiki, vibanda vimefungwa, kijana anavusha watu kwa mkokoteni kwa shilingi 500. Hidaya chenyewe kilifika nchi kavu leo pale Mafia, kusini yetu, kikiwa kimeanza kupungua nguvu. Usiku taarifa ikasema kimekwisha. Siku nne tangu mimi nilipoisikia habari yake dukani kwa saruji: kimezaliwa, kimepewa jina, kimekua, kimefika, kimekufa. Mkungu wa ndizi una maisha marefu kuliko hayo.

Nilimpigia dada wa Kilwa mara sita. Haipatikani.

Mama lishe mmoja amechukua mikungu minane jioni kwa elfu saba saba, analalamika kana kwamba mimi ndiye niliyeleta mvua. Nikamwongezea chane mbili.

Jumapili, 5 Mei. Kurudi

Asubuhi mikungu 21 iliyobaki imeanza kugeuka rangi. Dalali ameichukua yote kwa bei ambayo siiandiki hapa, daftari hili linasomwa na watoto wangu.

Tumeondoka saa tatu. Barabara haina cha kusimulia mpaka Michungwani, ambapo nimenunua gunia la machungwa kwa sababu sipendi kurudi mikono mitupu. Yule mzee wa redio alikuwepo. Ananiuliza Dar kumebaki? Nikamwambia kumebaki.

Saa kumi hivi, tuko karibu na Mombo, simu ikaingia ujumbe wa sauti. Dada wa Kilwa, anaongea haraka kama anayeogopa simu itazimika. Yuko salama. Bati za nyuma ya mgahawa zimekwenda, tatu ameziona kwa jirani, nyingine hazijulikani. Minazi imeanguka. Maji yameingia jikoni. Na barabara ya Dar imekatika Somanga, maji yamekula lami, malori na mabasi yamepanga foleni pande zote mbili na hakuna anayejua ni lini yatapita. "Shoga, ndizi zangu arobaini ungezileta zingekuwa ziko Somanga sasa hivi, zinaliwa na makondakta." Halafu akacheka, halafu ujumbe ukakatika.

Nimeusikiliza mara tatu. Mara ya tatu dereva akasema, "Huyo mama ndiye mamlaka ya hali ya hewa." Nikamkumbusha kwamba alitaka tuje na 102. Akasema hakumbuki.

Moshi usiku wa manane. Hakuna mvua. Kwa mara ya kwanza baada ya wiki nyingi nimeona nyota juu ya Kiborloni.

Jumatatu, 6 Mei. Chekereni

Mlima umetoka. Kibo mweupe kabisa, theluji mpya mpaka chini, umekaa pale kama haujui lolote. Mtoto wa kaka yangu anasema kimbunga kikiwa baharini huvuruga njia za unyevunyevu: kikikaa pahala fulani kinausukuma bara, kikikaa kwingine kinauvutia kwake. Kama hivyo ndivyo mvua yetu ilivyokwenda, hakuapa. Nimeanza kumwelewa, na kumwamini zaidi kwa sababu haapi.

Nilichukua bodaboda mpaka Mabogini, kutoka hapo kwa miguu, viatu mkononi. Majaruba hayaonekani mipaka. Ukisimama juu ya tuta unaona uwanja mmoja wa maji, na vichwa vya mpunga vimechomoza huku na huku, na kunguru. Nyumba ya mdogo wangu ina mstari ukutani, umenyooka kama umepigwa rula, unanifika juu kidogo ya goti. Maji yameshuka sasa, yameacha tope laini la kahawia lenye nyufa. Kwenye kizingiti kulikuwa na samaki mdogo amekauka.

Magunia ya mavuno yaliyopita yako kumi na moja. Aliyapandisha, saba kitandani, manne juu ya meza na ndoo. Manne ya mezani yamelowa chini, meza ilikuwa fupi. Tumeyamwaga, tukaanza kuanika, lakini hakuna pa kuanikia: uwanja mzima ni tope.

Shemeji akauliza kama hatuwezi kupata kitu kikubwa cha kutandika.

Nikampigia dereva. Hakupokea, alikuwa amelala, haki yake. Nikampigia utingo. Baada ya saa mbili alifika, yeye na bodaboda, wamebeba turubai la kenta limekunjwa nyuma kama maiti. Tukalitandika juu ya tuta, upande uliokuwa ndani ukaangalia juu, na lilipopata jua lile joto la ndizi likatoka tena, harufu ileile ya Hedaru. Tukamwaga mpunga juu yake. Watoto wakakaa pembeni na vijiti kufukuza kunguru, wanakula machungwa ya Michungwani.

Mdogo wangu akanusa. "Dada, mpunga wetu utanukia mtori."

Alhamisi, 9 Mei. Kiborloni

Dada wa Kilwa amepiga. Amepata bati kumi kwa mkopo, fundi yuko juu ya paa sasa hivi, ninasikia nyundo. Watu wa Somanga wanasema magari yameanza kupita. Anataka mikungu arobaini wiki ijayo, mshale ishirini na tano, mzuzu kumi na tano, na nimpe kwa mkopo, atalipa ndizi zikishauzika. Nimemwambia sawa. Nimekwenda kwa meku, amenionyesha migomba kumi ambayo kona zake zinajaa.

Kwenye daftari, chini ya Jobo, nimeandika: *Hidaya, mikungu 80.* Neno la mwisho bado. Nikiondoa gharama nimebaki na elfu arobaini na kitu, na ile mikungu 40 ambayo haikwenda sijui niiandike wapi.

Dereva naye amepiga leo asubuhi, sauti ya mtu aliyeibiwa.

"Dada, nina mzigo wa vitunguu kesho. Turubai langu liko wapi?"

Nikamwambia liko Chekereni, limelaliwa na mpunga, na kwamba kunguru wa huko ni wakali, asiende bila kijiti.